Mikono Miwili ya Vanishi

Jumatatu, 3 Machi

Nimedharauliwa. Hadharani, tena kabla ya chai ya saa nne!

Mkuu wa chuo alituita ofisini, mimi na mwalimu mwenzangu ambaye humu namwita Mama Majani. Hajui kwamba namwita hivyo. Au anajua. Mkuu akasema karakana ni moja na walimu ni wawili, na amechoka kuamua nani aliacha maranda kwenye meza ya nani. Kwa hiyo, eti, wanafunzi watuamulie. Kundi langu na kundi lake yatabuni chombo cha kuoteshea miche, cha mali asili tupu, kichukue nafasi ya vile vifuko vyeusi vya plastiki. Mwenye kitalu cha miche kilicho nyuma ya chuo ndiye atakayechagua, kwenye maonyesho ya chuo mwanzoni mwa Aprili. Mwalimu ambaye kundi lake litachaguliwa atabaki na karakana. Mwingine atahamia chumba cha chini ya tangi la maji.

Chumba kile! Kinavuja. Mlango wake ni wa kupitia ubavu. Mashine yangu ya kubana, ninayopimia uimara wa vitu, haiwezi kuingia hata ikifunguliwa vipande.

Nieleze kidogo, ingawa msomaji wa shajara hii ni mimi peke yangu. Nimefundisha uimara wa vitu tangu Mama Majani akiwa mwanafunzi wangu, safu ya nyuma, karibu na dirisha. Mihimili. Nguzo. Madaraja. Leo anafundisha mambo ya mimea, tena ananigombania karakana kwa nyasi.

Tulipotoka akanisalimu mbele ya karani. Shikamoo, Mwalimu! Nikalazimika kuitikia marahaba. Vita gani hivi, vinavyoanza kwa marahaba?

Jumanne, 4 Machi

Nimewapeleka wanafunzi wangu kitaluni. Kiongozi wao ni binti tunayemwita Kipimo, kwa kuwa rula haimtoki mfukoni. Msaidizi wake ni kijana tunayemwita Lakini. Ukikaa naye dakika moja utajua kwa nini.

Mwenye kitalu ni mama mmoja aliyenizidi umri, naye hakuchelewa kunionyesha. Ameniita mdogo wangu. Mbele ya wanafunzi! Nikaona nimrudishe kwenye mstari kwa elimu. Nikaanza kumweleza jinsi udongo wenye maji unavyosukuma ukuta wa chombo, nikamchorea chini kwa kijiti. Nilieleza vizuri sana. Nilipoinua kichwa, hapakuwa na mtu. Wote walikuwa ng'ambo ya kitalu wakimsikiliza yeye, na Kipimo amepiga magoti anapima shimo.

Njiani nikauliza yule mama alitaka nini. Wakasema anataka chombo endelevu. Vyema! Neno hilo nalijua. Nikawaeleza: endelea, endelevu. Kitu endelevu ni kitu kinachoendelea. Hakikomi. Kwa hiyo tutabuni chombo ambacho mjukuu wa yule mama atakirithi na kukitumia.

Lakini akasema lakini Mwalimu, kinachotakiwa kuendelea ni shamba, siyo chombo.

Nikamwambia asinifundishe Kiswahili.

Alhamisi, 6 Machi

Vyombo vya kwanza vimetoka. Naviita vyombo kwa huruma tu.

Wamechukua nyuzi za mgomba, wakaziloweka, wakaziponda hadi zikawa rojo, wakatia wanga wa muhogo, wakashindilia kwenye kalibu na kuanika juani. Hadi hapo sikuwa na neno. Halafu nikakiweka kimoja kwenye mashine yangu ya kubana. Mshale haukutikisika. Nikadhani mashine imeharibika. Kumbe chombo kilikuwa kimeshabonyea kabla mshale haujajua kwamba kuna kazi.

Nikauliza hiki ni kitu gani. Kipimo akajibu, kwa adabu kabisa, kwamba chombo kikijazwa udongo uliolowa kinainuliwa bila kukatika, na hiyo ndiyo kazi yake. Nikasema kazi ya kitu ni kuizidi kazi yake! Ndiyo maana daraja la watembea kwa miguu hujengwa kana kwamba atapita tembo. Lakini akasema lakini Mwalimu, hapa tembo hapiti. Wakacheka. Nikacheka nao ili nisionekane mtu wa hasira. Ndani nilikuwa nafuka moshi.

Hata tundu la kutolea maji hawakutoboa. Eti ukuta wenyewe unapitisha maji. Ukuta unavuja, na wanajivunia!

Wameotesha maharage humo kwa majaribio, kwa kuwa mti hauna haraka na maonyesho yana tarehe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamua kupeleleza. Karakana si jambo la kuwaachia wanafunzi.

Mpango ulikuwa huu: niende darasani kwa Mama Majani, ambako kundi lake linafanyia majaribio, kwa kisingizio cha kuazima koleo, nitupe jicho, nitoke. Mpango safi. Nikabisha hodi, nikaomba koleo. Akanipa koleo. Kisha akanivutia kiti, akanimiminia chai, akasema karibu Mwalimu uone tulikofika. Akanionyesha kila kitu! Kalibu, vipimo, hata vilivyoharibika. Mtu nimejiandaa kwa hila tangu alfajiri, halafu mwenye siri ananifungulia mlango na kuniuliza kama sukari inatosha. Hana hata haya.

Na chombo chao je? Hakipo. Naandika tena: hakipo. Wameshindilia udongo na samadi ukawa donge, mbegu wakaitia katikati, basi. Eti mche ni mpangaji na udongo ni nyumba, sasa nyumba ndani ya nyumba ya nini? Nikamwambia mashindano ni ya chombo, naye ameleta ukosefu wa chombo. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema Mwalimu bado una maneno yako yale yale. Halafu akasema anaona kundi langu limewatangulia, maana madonge yao yakisafirishwa mbali yanamomonyoka.

Nimekaa hadi jioni nikijiuliza huu ni mtego wa aina gani. Hakuna mtu anayemtangazia mpinzani udhaifu wake bure. Lazima kuna jambo.

Koleo nimesahau kulirudisha. Sasa nitaonekana mwizi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekaribia karakana nikasikia vigelegele. Vigelegele kwenye chumba cha uhandisi! Nikajua wamefaulu. Nikasukuma mabega, nikachungulia.

Chombo kimepasuka.

Mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, umetoboa ukuta na kutokeza nje, nao wanaupiga picha kama mtoto mchanga.

Nikawaeleza kwa utulivu. (Nilipandisha sauti kidogo tu.) Nikasema ukuta ukitobolewa na mzizi, aliyeujenga hapigiwi vigelegele, huitiwa polisi. Kipimo akanieleza pole pole, kwa sauti ile ile ninayowaelezea wao, kwamba ndilo lililotakiwa. Mche hautolewi kwenye chombo. Unapandwa nacho. Mizizi inatoka yenyewe, chombo kinaoza na kuwa mbolea, wala hakuna kifuko cheusi kinachobaki shambani. Akasema mwenye kitalu aliyasema hayo siku ile tulipomtembelea. Siku ile Mwalimu alipokuwa anachora chini kwa kijiti, akaongeza Lakini. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema jambo bila kulitanguliza jina lake.

Nimekubali kwa kichwa. Moyoni, hapana. Nani duniani atachagua chombo chenye matundu? Yule mama ni mfanyabiashara. Atakishika, kitambonyea mkononi, ataniita mdogo wangu na kunipa pole. Nami nitahamia chini ya tangi, na mashine yangu ibaki nje chini ya turubai, ikinyeshewa kama mbuzi asiye na mwenyewe.

Hapana! Watoto hawa itabidi waokolewe bila kujua.

Jumanne, 18 Machi

Nimefanya.

Wanafunzi walikuwa na somo la hesabu asubuhi nzima. Nikaingia karakana na kopo la vanishi. Vyombo vipya vya maonyesho vilikuwa mezani, vikavu, vikingoja kuoteshwa kesho. Nikavipaka ndani na nje. Nikaviwekea feni, nikavipaka tena. Vanishi isiyong'aa. Mimi si mjinga. Vile vya majaribio, vyenye mizizi inayochungulia, nimeviacha vilivyo. Viwe fundisho.

Raha iliyoje kuona kitu legelege kinapata uti wa mgongo! Nilikigonga kimoja kwa kucha. Kikalia ko! Hicho sasa ni chombo.

Nyumbani mke wangu akanusa shati langu tukiwa bado mlangoni. Akauliza vanishi ya kabati iko wapi. Nikasema imetumika kwa ajili ya elimu. Akasema kabati lake linangoja tangu mvua za mwaka jana, na halijawahi kuomba kusoma. Nikamweleza habari za unyevu, za mashine, za chumba cha chini ya tangi, za heshima ya mtu aliyefundisha madaraja. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: sasa mzee wangu, hao watoto umewaambia?

Mke wangu ana kipaji cha kuuliza yasiyohusika.

Alhamisi, 27 Machi

Maharage yamezama.

Yaliota vizuri, yakanyooka, nikaanza hata kutembea nikiwa nimeinua kidevu. Kisha yakawa manjano. Leo yamelala chali. Wanafunzi waliyamwagilia kama walivyomwagilia yale ya majaribio, ila humu maji hayakupata pa kutokea. Vyombo vyangu imara vimegeuka mabakuli. Lakini ameinamisha kimoja, yakamwagika maji meusi yenye harufu, akasema lakini hii ni supu.

Na maonyesho ni wiki ijayo!

Wakakaa kikao. Nilitazamia kilio. Badala yake Kipimo akaandika ubaoni: nini kimebadilika? Wakaanza kuondoa sababu moja moja. Maji ni yale yale. Udongo ule ule. Mbegu zimetoka kwenye mfuko mmoja. Hiyo ni mbinu yangu! Niliwafundisha mimi, mwaka wa kwanza, kwa jasho langu. Nami nimeketi pale, mwenyekiti wa uchunguzi, nikiona mbinu yangu mwenyewe inavyonizunguka kama polisi waliovaa kiraia.

Nikapendekeza kwamba huenda ni hujuma ya kundi la pili. Kipimo akasema kundi la pili ndilo lililowapa udongo walipopungukiwa, tena likaubeba lenyewe. Nikapendekeza hali ya hewa. Lakini akachungulia dirishani, kisha akanitazama.

Ijumaa, 28 Machi

Sitasahau siku hii, ingawa nitajitahidi.

Wamekata chombo kimoja katikati. Wakakinusa. Wakatia kipande chake majini pamoja na kipande cha chombo cha majaribio. Cha majaribio kikalegea kama mkate kwenye chai. Changu kikaelea kama mtumbwi. Vanishi, wakasema, wote kwa pamoja.

Nikangoja waulize nani. Nilikuwa tayari. Nilikuwa na uso wa mshtuko niliouandaa mbele ya kioo.

Kipimo hakuuliza nani. Akasema nani si swali la kihandisi. Wanachotaka kujua ni namna gani, ili wamweleze mwenye kitalu kosa lilivyotokea. Akauliza wenzake: mtu akitaka nyuzi za mgomba zishike vanishi hivi, hupaka mara moja? Lakini akasema mara moja inatosha. Akaongeza kwamba anavyoona ilitumika brashi pana, ya kupakia ukuta. Kazi ya pupa.

Kazi ya pupa!

Nikasema haiwezekani ikawa mara moja. Ukipiga mkono mmoja tu wa vanishi, nyuzi hizi huunywa wote na kubaki na kiu. Ni mikono miwili! Wa kwanza mwepesi, uliochanganywa na tapentaini ili uzame. Ukauke. Upitishe msasa laini kwa hadhari, maana ukuta ni mwembamba. Ndipo wa pili, mzito, kwa brashi nyembamba, siyo pana, ukizungusha upande mmoja tu, na kuanzia kwenye kitako, mahali ambapo mafundi wengi hupasahau. Nikawaonyesha mzunguko wenyewe kwa kiganja. Nilieleza vizuri sana.

Nilipoinua kichwa, karakana nzima ilikuwa ikitazama kiganja changu.

Kipimo akasema, "Asante, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Wangecheka ningewatoa nje.

Baadaye alinifuata peke yake. Akauliza kwa nini sikuwaambia. Nikamweleza mambo ya tangi na mashine, kwa ufupi, yaani kwa karibu saa nzima. Akasema Mwalimu, karakana ni yetu pia, ungetuambia tu kwamba unaogopa.

Kuogopa! Mimi!

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili nipoe. Sikupoa.

Jumatano, 2 Aprili

Maonyesho.

Sikulala vizuri. Niliwaagiza wanafunzi wavifukie vile vyombo vya vanishi nyuma ya choo, na juu ya meza waweke vya majaribio peke yake. Wakaitikia sawa Mwalimu. Nimefika ukumbini nakuta safu mbili mezani! Kushoto, vya majaribio, maharage yamesimama mabichi, mizizi imetoka kila upande kama ndevu. Kulia, vyangu. Imara. Visafi. Vimejaa maiti.

Nikaangalia mlango wa kutokea. Mkuu alikuwa amesimama hapo hapo.

Kipimo akamwambia mwenye kitalu kwamba walifundishwa siku zote kuuliza kitu kitavunjika kwa mzigo gani, na ni swali zuri. Safari hii wamejifunza kuuliza na la pili: kikishavunjika, kitakuwa chakula cha nani? Chakula! Katika somo la uimara! Kisha akasema vyombo vya kulia vilipakwa vanishi na mtaalamu mmoja mwenye nia njema. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nami nikageuka kutazama nyuma yangu.

Mwenye kitalu akaenda kwanza kwa Mama Majani. Akalipenda donge. Akalibeba hadi mlangoni na kurudi, nusu yake ikabaki njiani. Akasema wateja wake wengine wanakaa mbali. Akaja kwetu. Akashika cha kushoto. Kikambonyea mkononi, kama nilivyotabiri! Akashika cha kulia, akakigonga, ko, akakiinamisha, ikatoka supu. Akasema watu wote huja kumuuzia sifa. Hawa ndio wa kwanza kumletea bidhaa pamoja na kosa lake, kwa hiyo hata yeye hatajaribiwa kukipaka rangi ili kipendeze sokoni.

Akachagua chetu.

Karakana imebaki kwangu! Mkuu akanipa mkono. Mama Majani akaja mbio, macho yanang'aa, akasema Mwalimu, umewafichia kosa ndani ya kazi ili walitafute wenyewe! Akasema hata wao, enzi zile darasani kwangu, niliwafanyia hivyo hivyo, na ndiyo maana akawa mwalimu.

Sikumbuki kuwafanyia hivyo. Yawezekana yalikuwa makosa ya kawaida tu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu na kusema kwamba ualimu una mbinu zake.

Lakini alikuwa amesimama kando. Akafungua mdomo. Kipimo akamkanyaga.

Nimemsimulia mke wangu ushindi wote tukila. Nikamweleza kwamba, ukifikiri vizuri, bila vanishi pasingekuwa na safu ya kulia, na bila safu ya kulia yule mama asingevutiwa. Kwa hiyo nani ameshinda? Mke wangu akasema kijiko cha chumvi kiko karibu nami, nimsogezee.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefika karakana yangu asubuhi, ufunguo mkononi, nikaukuta mlango wazi. Mama Majani yumo ndani, kwenye meza yangu, mikono imezama kwenye rojo! Eti mwenye kitalu anataka vyombo vingi kuliko kundi moja linavyoweza, kwa hiyo wanafunzi wangu wamemwomba yeye na kundi lake waje kusaidia. Wamemwomba wao. Bila kuniuliza! Nimeshinda vita, na adui amehamia kwangu na aproni yake. Mashine yangu ya kubana wameigeuza mahali pa kuanikia. Nikasema hii ni ala ya kupimia. Mama Majani akasema samahani Mwalimu, akaniwekea kiti, akaniomba niwaeleze kwa nini vyombo vyenye mdomo mpana hupinda vikikauka.

Nilieleza mpaka adhuhuri. Hawana pa kukimbilia, angalau.

Ila kuna jambo linanikera. Kabla ya kuondoka nilikibonya chombo kimoja, pembeni, bila wao kuniona. Bado ni laini. Bado! Vanishi nimeiacha kabisa. Mimi ni mtu wa kujifunza, na nimelitafakari kosa langu kwa kina: vanishi hutoka kiwandani, haikuwa mali asili. Hilo ndilo lililokuwa kosa zima. Hakuna lingine.

Sasa, saruji. Saruji ni nini? Ni jiwe. Jiwe lililochomwa kidogo na kusagwa, basi. Lilikuwa ardhini kabla mgomba haujaota. Kuna mali asili gani kuishinda hiyo? Nimenunua mfuko mdogo nikiwa njiani. Jumanne wana tena somo la hesabu.

Kijiko kimoja kwa ndoo nzima ya rojo. Nani atajua?

Labda viwili.